Mbawa Zisizo na Injini

Sura Al-Mulk, aya ya 19, yatuuliza kama hatuwaoni ndege walio juu yetu. Sisi wa Igogo hatuna udhuru. Kila siku jua liyapashapo moto majabali yetu, mwewe huzunguka juu yake bila kupiga bawa: hewa yenye joto hupanda, naye hupanda nayo.

Ndivyo warukavyo wenye eropleni zisizo na injini, kama wale waliounda klabu yao Mweiga, karibu na Nyeri, nchini Kenya. Siku ya kuruka huanza kwa kungoja ardhi ipate moto. Kisha chombo huvutwa kwa kamba hata kikafika juu, kamba ikaachwa, na rubani akaitafuta hewa ipandayo, akazunguka humo. Jua likipunga, hushuka.

Wako wadhanio kuwa elimu hii ni ya Wazungu tu. La, hasha! Abbas ibn Firnas wa Cordoba, aliyefariki mwaka 887, alijivika manyoya na mbawa, akaruka. Mwanahistoria al-Maqqari asimulia kwamba aliumia mgongo katika kutua, kwa kuwa hakujua ya kwamba ndege hutua kwa mkia, wala hakujifanyia mkia.

Basi mtoto akichelewa chuoni kwa kumtazama mwewe, kabla ya kumkemea humwuliza: mkia wake aliupindaje?