Daktari Naye Hana Budi Kusoma

Watu wengi hudhani kwamba daktari akiisha kupata cheti chake amemaliza kusoma. Sivyo hata kidogo. Habari ya kifua kikuu katika Kenya yaonyesha jinsi elimu ya zamani iwezavyo kumdhuru mgonjwa.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa kifua kikuu walipewa vidonge vya thiasetazoni pamoja na dawa nyingine. Vilikuwa vya bei nafuu, na viliwafaa watu wengi. Kisha ukaja UKIMWI. Mwaka 1991 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Nairobi. Ulionyesha kwamba wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI walidhuriwa na vidonge hivyo mara nyingi kuliko wengine. Ngozi zao ziliharibika, za wengine zikababuka kama zilizoungua moto, na baadhi yao wakafa. Dawa ilikuwa ile ile. Hali ya wagonjwa ndiyo iliyobadilika.

Daktari aliyepata habari hizo aliweza kutumia dawa nyingine, kama ethambutoli. Lakini yule ategemeaye daftari lake la chuoni tu, angetoa sumu akidhani ni dawa.

Kwa hiyo daktari wa Kenya hutakiwa kuhudhuria mafunzo kila mwaka ndipo apewe tena ruhusa ya kutibu. Mkulima ajua kwamba panga lisilonolewa huwa butu. Basi mgonjwa akiambiwa daktari amekwenda mafunzoni, asinung'unike; huenda atakaloljifunza huko ndilo litakalomwokoa.