Gozi ya Kawaida au Bandeji ya Dawa?

Ukiingia duka la dawa kubwa na kidole kilichokatwa na kisu, utaonyeshwa gozi kavu, gozi ya parafini, gozi yenye iodini, bandeji ya asali na ile yenye madini ya fedha, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Bei ikipanda, kinga si lazima ipande nayo.

Mkato mdogo hauhitaji dawa ya gharama. Uoshe kwa maji safi yanayotiririka, kausha, funga kwa plasta au gozi. Hata kwa mshono wa upasuaji, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unashauri bandeji ya kawaida. Ushahidi kwamba zile za bei mbaya huzuia zaidi maambukizi haukutosha.

Hesabu hubadilika kidonda kikiwa cha kuungua au kimeanza kutunga usaha. Gozi kavu hunata, na kila ikibanduliwa hung'oa nyama changa. Ya parafini hainati, ila yenyewe haiui vijidudu, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Ya iodini huviua, lakini usaha na damu huimaliza nguvu; rangi ikififia, ibadilishwe. Wajawazito, watoto wachanga na wenye matatizo ya tezi ya shingo waulize kwanza kabla ya kuitumia.

Bandeji nyingine za madini ya fedha hukaa hadi siku 7. Tuseme moja ni shilingi 25,000, na gozi ya kubadilishwa kila siku, pamoja na nauli ya kwenda zahanati, ni 4,000. Kwa wiki gozi imekula 28,000! Lakini kidonda kinachotoa maji mengi kitailowesha ile ya ghali mapema, na hapo faida imekwisha. Muulize muuguzi itakaa siku ngapi kwenye kidonda chako, ndipo ulipe.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi, ambazo watu huzimwaga kidondani kila siku, huunguza nyama inayojijenga. Unga wa kapsuli za antibiotiki za rangi mbili nao usinyunyize: hulipii tiba, unalipia usugu wa vijidudu.

Pesa utakayookoa, itumie kwa chanjo ya pepopunda ikiwa umechomwa na msumari na chanjo yako ni ya zamani. Mwenye kisukari akipata kidonda mguuni asinunue chochote dukani. Aende hospitali siku hiyohiyo.