Mbwa Mwitu Mmoja, Wasikilizaji Watatu

Huenda umewahi kusikia hadithi ya msichana mwenye kofia nyekundu, aliyetumwa kwa bibi yake akakutana na mbwa mwitu njiani. Hadithi hii ya Ulaya imesimuliwa kwa namna nyingi, na kila namna inatuonesha ilikuwa ikisimuliwa kwa nani.

Tuanze na wakulima wa Ufaransa. Katika simulizi yao, iliyoandikwa na wakusanyaji wa hadithi katika karne ya 19, msichana hana kofia nyekundu wala mwokozi. Akishatambua kwamba aliye kitandani si bibi, anaomba kutoka nje kujisaidia. Mbwa mwitu anamfunga kamba mguuni. Akifika uani, msichana anaifunga kwenye mti na kukimbilia nyumbani. Mtoto wa maskini hakuwa na mlinzi. Alifundishwa kutumia akili.

Mwaka 1697 Charles Perrault aliichapisha Paris, katika kitabu kilichotolewa kwa heshima ya mpwa wa Mfalme Louis wa 14. Humo msichana analiwa, na hadithi inaishia hapo. Perrault anaongeza fundisho: mabinti wajihadhari na mbwa mwitu wapole, wenye maneno matamu, wanaowafuata hadi majumbani. Wasomaji wake, watu wa ikulu na matajiri, walimwogopa mwanamume laghai kuliko mnyama wa porini.

Mwaka 1812 ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha upya, baada ya kuisikia kwa mabinti wa familia yenye elimu mjini Kassel. Sasa mama anamwonya mwanawe asiache njia. Anaiacha, anamezwa, kisha mwindaji anampasua mbwa mwitu tumbo na kumwokoa. Mwishoni mtoto anaazimia kutii. Hayo ndiyo maadili ya nyumba za tabaka la kati: utii, nidhamu, na mtu mzima wa kutegemewa.

Tofauti hizi si ndogo. Perrault na akina Grimm wanambebesha msichana lawama: alimsikiliza mgeni, aliacha njia. Wakulima hawakumlaumu, walimpa mbinu. Sisi tunaofundisha watoto parokiani na majumbani tunasimulia hadithi kila wiki, na baadhi ya wanaotusikiliza wamekwisha kukutana na mbwa mwitu. Basi, kabla ya kufungua kinywa, tujiulize: mtoto huyu ataondoka na nini, lawama au mbinu?