Spana na Nati Iliyojificha
Katika mashine za kusindika mkonge mkoani Tanga, nati nyingi hukaa mahali finyu. Karibu na bahari, hewa ya chumvi huzidisha kutu. Spana isiyofaa ikiteleza, hula pembe za nati, na huenda bolti ikalazimika kukatwa.

Nati ina pembe sita. Hivyo, spana ya mdomo hushika upya kila nyuzi 60. Kwa kuwa mdomo wake kwa kawaida umeinamishwa nyuzi 15, ikigeuzwa juu chini kila mara, nyuzi 30 hutosha. Spana ya ringi yenye pembe 12 nayo huhitaji nyuzi 30, lakini hushika nati pande zote. Racheti yenye meno 72 huhitaji nyuzi 5 tu.

Basi fundi hodari hupima kwanza nafasi ya mpini, ndipo achague.