Gari kubwa si lazima liwe gari la mlimani: tazama haya kabla hujasaini mkopo

Siku ya pili ya Iddi, saa mbili za asubuhi, magari yalikuwa yameshapanga foleni Birkat al-Mawz, kwenye kizuizi cha polisi cha kupandia Jabal Akhdar. Binamu yangu alikuwa wa tano. Gari jeupe, jipya, viti vya ngozi, kioo cha juu kinafunguka, na ndani watu saba: yeye, mkewe, mama yake, shangazi yetu na watoto watatu. Chupa za chai na sambusa zimefungwa nyuma. Mama alikuwa na hamu ya kuona mawaridi yakichumwa huko juu.

Askari akaomba mulkiya. Akaisoma, akaitazama gari, akaisoma tena. Akairudisha kwa adabu: "Hii siyo fowili. Geuza."

Mbele yao lilikuwa limepita Land Cruiser kuukuu la mzee mmoja wa mlimani, limejaa majani ya mbuzi, bampa limefungwa kwa waya. Lile halikuulizwa mara mbili.

Simulizi hii siileti ili tumcheke binamu. Gari lile alikopea benki kwa miaka mitano, na siku ya kulinunua alimuuliza muuzaji wa wakala kama linapanda mlima. Akaambiwa, "Hii ni SUV, bwana, inakwenda popote." Yaani jibu lilikuwa la uongo lakini neno SUV lilitosha kumtuliza. Na wengi wetu hapa Khaliji tumenunua kwa neno hilo hilo. Tunatazama urefu wa gari, upana wa taa na ukimya wa ndani, tunapeleka kitambulisho na barua ya mshahara, basi.

Kule kwetu gari la namna hii tunaliita shangingi, na tukisikia shangingi tunamwona mkuu wa mkoa anateremka. Hapa Oman ni gari la familia. Ndilo linalopeleka watoto skuli, linalokwenda Salalah wakati wa khareef, linalopita kwenye mchanga wa Bidiya Ijumaa. Kwa hiyo swali la kwanza si "zuri vipi?" bali "lina nini chini?"

Anza na magurudumu. Magari mengi marefu yanayouzwa kama SUV yanasukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu, kama gari dogo la kwenda sokoni. Mengine yana magurudumu yote manne, lakini ya nyuma huamka pale tu ya mbele yanapoanza kuteleza. Hayo ya pili yanafaa mvua na njia ya vumbi. Fowili wa kazi ana kitu cha ziada: gia ndogo za nguvu, ile 4L unayoiona imeandikwa karibu na gia. Ukiiweka hapo gari linakwenda polepole sana lakini linavuta kama trekta, na kwenye mteremko injini yenyewe inalizuia bila kuunguza breki. Ukiona gari halina 4L, lipende kwa mengine. Na usisome kwenye bango la matangazo, soma kwenye mulkiya na kwenye kitufe.

Jambo la pili ni chesisi. Zile nguzo mbili za chuma zinazolala chini ya gari kutoka mbele mpaka nyuma, bodi likawekwa juu yake. Land Cruiser 300 lina chesisi, Lexus LX lina chesisi, Nissan Patrol na Mercedes G-Class vile vile. Wazee watakwambia gari bila chesisi si gari. Hapa nitabishana nao kidogo. Land Rover Defender jipya, lile lililotoka 2019, halina chesisi, bodi lake la aluminiamu ndilo uti wa mgongo, na linaingia kwenye maji ya kina cha milimita 900. Range Rover la sasa nalo hivyo hivyo. Kwa hiyo chesisi ni dalili nzuri, hasa ya kudumu na ya kutengenezeka kirahisi, lakini siyo hukumu.

Sasa, magari yenyewe. Land Cruiser 300 lilitoka mwaka 2021. Injini ya V8 ya kizazi kilichotangulia ikaondoka, ikaja V6 ya lita 3.5 yenye tabo mbili na gia kumi. Watu walilia V8 kama msiba. Lakini gari limepungua uzito kiasi cha kilo 200, na kwenye mchanga wepesi ni neema. Mapenzi ya watu kwa gari hili si ya kawaida. Lilipotoka, huko Japani wanunuzi walitakiwa watie sahihi kwamba hawataliuza ndani ya mwaka mmoja, kwa kuogopa walanguzi.

Lexus LX 600 ni ndugu yake wa tumbo moja. Chesisi hiyo hiyo, injini hiyo hiyo. Unacholipia zaidi ni ukimya, ngozi, na mfumo wa kuinua na kushusha gari. Hapo ndipo nyumba nyingi zinagombana: mume anataka Lexus, mke anauliza tofauti ya bei ingelipa ada ya skuli ya miaka mingapi. Mimi niko upande wa mke. Kwa anayekwenda mlimani kweli, Land Cruiser la daraja la kati lenye rimu ndogo linamshinda Lexus lenye rimu kubwa, na hili la rimu nitalirudia.

Patrol ni gari la Khaliji, hilo halina ubishi. Kizazi cha V8 ya lita 5.6 kilizinduliwa Abu Dhabi mwaka 2010, na kipya chenye V6 ya tabo mbili nacho kikazinduliwa huko huko Septemba 2024. Lile la V8 bado limejaa sokoni, nafasi yake ndani ni kubwa, na kila fundi wa sinaiya analijua kama kiganja chake. Kasoro yake ni kinywa. Matangi yake mawili yanachukua lita 140 kwa jumla. Kwa bei ya baisa 239 kwa lita, kulijaza ni riyali 33 na nusu. Kwa mtu wa Maskati anayepita foleni kila asubuhi, fanya hesabu ya mwezi kabla hujafanya ya mkopo.

Kuhusu G-Class nitasema machache. Lilianza 1979, lina kufuli tatu za difu, na tangu 2018 limekuwa laini zaidi barabarani. Ni mashine kweli kweli. Lakini sijawahi kuliona Bidiya lina vumbi.

Rudi kwenye rimu. Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wenye pesa zaidi kuliko wasio nazo. Kadri daraja la gari linavyopanda, ndivyo rimu zinavyokuwa kubwa: inchi 18, 20, mpaka 22. Rimu ikiwa kubwa, mpira wa tairi unakuwa mwembamba. Mpira mwembamba ukikutana na jiwe la wadi, hupasuka ubavuni. Na kwenye mchanga inabidi upunguze upepo mpaka kama 15 au 18 psi ili tairi litandae kama unyayo wa ngamia. Tairi jembamba halina cha kutandaza, na ukilipunguza sana linachomoka kwenye rimu. Ukiweza kuchagua, chukua 18. Jirani ataona gari lako limekaa kishamba, mwache aone. Na fungua nyuma au chunguliа chini uhakikishe tairi la akiba ni zima, la kipimo kile kile, siyo kile kitairi chembamba cha kuendea gereji.

Sasa nikiri langu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua kwenye yadi gari la kifahari lililotumika, jina lake nitalisitiri. Lilikuwa linaelea badala ya springi za chuma, yaani lilikaa juu ya mipira ya hewa. Bei yake ilikuwa kama ya gari dogo jipya. Nikajiona mjanja. Mwezi wa nne asubuhi moja nilitoka nikalikuta limepiga magoti upande wa mbele, kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Mpira mmoja ulikuwa unavuja kwa joto na uzee. Fundi akabadilisha ule, wiki tatu baadaye ukalala wa nyuma, kisha pampu ya kujazia hewa ikaungua kwa kufanya kazi usiku na mchana. Riyali nilizolipa mwaka ule sitazitaja, mke wangu anasoma ukurasa huu.

Nimejifunza kwa gharama: gari la kifahari lililotumika linashuka bei, lakini spea zake hazishuki. Unanunua kwa bei ya mtu wa tatu na unatengeneza kwa bei ya mtu wa kwanza. Kwa hiyo ukitaka lililotumika lenye mipira ya hewa, liegeshe mahali tambarare usiku kucha, uje asubuhi uone kama limelala.

Na kuna haya ya "warid", magari yaliyoletwa kutoka Marekani. Gari ni lile lile kwa macho, bei inapungua kwa maelfu. Baadhi ni mazima. Mengi yaligongwa au yaliingia maji huko, yakauzwa kwenye mnada kama chuma chakavu, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Tena gari la Khaliji hutengenezwa kwa joto la hapa, kuanzia rejeta mpaka kipoza hewa, na lile la nchi ya theluji huanza kupandisha joto siku ya kwanza ya Julai, katikati ya njia ya Haima, familia ndani, kilomita mia kadhaa bado kufika Salalah. Namba ya chesisi unaweza kuitafutia historia yake ya Marekani kwa ada ndogo. Muuzaji akikunja uso ukimwomba namba hiyo, mshukuru uondoke.

Niseme na la wadi, maana kila mwaka tunazika. Ukisoma milimita 700 au 900 kwenye kitabu cha gari, hicho ni kina cha maji yaliyotulia, na dereva anayejua chini kuna nini. Mafuriko ya wadi hayatulii na yanabeba mawe. Aprili 2024 wanafunzi walizolewa na maji ndani ya gari Samad al-Shan, na Oman nzima ililia. Sheria inamwadhibu anayekatiza wadi kwa makusudi. Shangingi la thamani yoyote huelea maji yakifika tumboni, na likielea magurudumu manne hayana kazi.

Wapo wanaonunua wakiwa na nia ya kulipeleka nyumbani baadaye. Wazo zuri, lakini liulize mapema. Magari ya hapa usukani uko kushoto, na kwetu tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kulipita lori kwenye njia ya Chalinze unamtegemea abiria akuchungulie. Kenya haipokei gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka minane. Tanzania bara, likizidi miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Mafuta nayo huko si ya baisa. Ami yangu mmoja alipeleka lake Unguja, akagundua haliwezi kukata kona ya mtaani kwao bila kugusa baraza ya jirani. Sasa liko chini ya mwembe, kuku wanalala humo.

Kabla hujasaini, omba kulijaribu gari mahali penye mlima. Mkae wote ndani, na watoto na bibi, siyo wewe peke yako na muuzaji. Safu ya tatu ya viti hukaliwa na nani? Magoti yake yanafika wapi? Mama mwenye miguu inayouma anapandaje bila ngazi? Binamu alikuwa hajauliza hata moja ya haya. Gari lile la Iddi lilikuwa na viti saba, lakini vya nyuma watoto walikaa magoti yamegusa kidevu tangu Seeb.

Gari hajaliuza. Angeliuza leo angebaki na deni bila gari, kwa hiyo analiendesha kazini na kimya chake. Ila mwezi wa tisa, komamanga zilipoiva, nilimchukua mama yake kwa Patrol langu la mwaka 2016, lenye rimu za 18 na mchubuko mrefu mlangoni. Birkat al-Mawz askari akaisoma mulkiya akatupungia mkono. Mama alikuwa amekaa mbele. Tulipokuwa tunateremka jioni, nimeweka gia ndogo, injini inanguruma na breki sijaigusa, akauliza kwa nini gari linapiga kelele hivyo. Nikamwambia ndivyo linavyotakiwa. Akakaza mkanda, akaendelea kumenya komamanga lake, mbegu nyingine zikaangukia kwenye zulia, na mpaka leo doa halijatoka.