Tone la Mwisho Ndilo Linaloacha Doa

Maji yaliyoondolewa chumvi zote yakikauka juu ya kioo safi hayaachi kitu, kwa kuwa hayana cha kuacha. Juu ya ukweli huo mmoja imejengwa kazi nzima ya kuosha madirisha kwa maji yaliyosafishwa, kazi iliyoshamiri sana Uingereza katika miaka ya 2000, hasa baada ya kanuni za mwaka 2005 za kazi za juu kuwataka waajiri waepuke kumpandisha mtu ngazini pale ambapo kazi inaweza kufanyika akiwa chini. Mwoshaji husimama uani na fimbo ndefu nyepesi ya nyuzi za kaboni, nchani mna brashi, na maji hupanda kwa mpira mwembamba hadi ghorofa ya tatu au ya nne. Anasugua, anasuuza, anaondoka. Hafuti. Kioo kinajikaukia. Hata hivyo malalamiko hayakomi: jua likipiga, vidoa na michirizi vinaonekana, mwenye nyumba anapiga simu, na mwoshaji anakimbilia kubadilisha kichujio. Mara nyingi anatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Maji yanaweza kutoka kwenye mpira yakiwa safi kabisa. Yanayoamua ni yale yanayobaki kiooni mwishoni, na hayo yamekwisha kupita kwenye mengi.

Ili kuliona hilo, tulitazame doa lenyewe. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ya ukaa iliyomo kwenye udongo, yakapata uchachu kidogo, na uchachu huo unatosha kuyeyusha mwamba wa chokaa. Ndiyo maana maji ya London, yanayotoka mito ya Thames na Lee na visima vya kwenye mwamba wa chaki, ni magumu. Mara nyingi kila lita hubeba madini ya chokaa yanayozidi miligramu 200. Glasgow, ambayo tangu mwaka 1859 inaletewa maji ya ziwa Loch Katrine lililo kwenye miamba isiyoyeyuka kirahisi, ina maji laini mno. Tofauti kama hiyo ipo kwetu. Visima vingi vya Mombasa na Unguja vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, wakati maji ya bwawa la Ndakaini yanayopelekwa Nairobi yanashuka kutoka milima ya Aberdare, nchi ya volkeno, nayo ni laini. Aliyekulia pwani anaujua ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika. Tone la maji hayo hayo likikauka dirishani huacha kitu kile kile, kikavu, chenye ukingo wa duara, kwa sababu madini husukumwa pembeni tone linapozidi kusinyaa.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Chukulia kwamba baada ya kusuuza, mita moja ya mraba ya kioo inabaki na mililita 20 za maji. Kama maji hayo yana miligramu 300 za chumvi kwa lita, yakikauka yataacha miligramu 6 za unga kiooni, na unga huo ukikusanyika kwenye vijitone unaonekana vizuri sana juani. Kama yana miligramu 10, itabaki sehemu ya tano ya miligramu moja, ambayo jicho haliioni. Ndiyo sababu waoshaji hulenga sifuri na kuvumilia hadi kumi hivi. Kufika hapo, maji kwanza husukumwa kwa shinikizo kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, unaozuia sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka. Ni teknolojia ile ile iliyomo kwenye mashine za maduka ya kujaza maji ya kunywa katika mitaa ya Nairobi. Kisha hupitishwa kwenye chembechembe za resini, ambazo hunasa kila chembe ya chumvi na kutoa badala yake sehemu mbili zinazoungana kuwa maji. Resini ikishiba, kazi imekwisha, lazima ibadilishwe.

Hapa panahitaji tahadhari mbili, maana watu wengi huponzwa nazo. Mashine za kulainisha maji, zile zinazowekewa chumvi ya mawe, hazisafishi maji kwa maana hii. Zinatoa chokaa na kuweka sodiamu mahali pake, hivyo jumla ya chumvi inabaki karibu ile ile na doa litatokea vilevile, ingawa litafutika kwa urahisi zaidi. Tahadhari ya pili ni kipimo chenyewe. Kijidude kinachotumbukizwa majini na kuonyesha tarakimu hakihesabu chumvi. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinakadiria. Kisichopitisha umeme hakikioni. Hakioni mafuta, hakioni vumbi lisiloyeyuka, na silika, madini ya mchanga, kinaiona kwa shida sana. Tena silika ndiyo hutangulia kupenya resini inapoanza kuchoka, kabla tarakimu haijapanda. Kwa hiyo sifuri kwenye kipimo ni habari njema, lakini ni habari ya sehemu moja tu ya maji, na ya mahali pamoja tu: kabla hayajagusa dirisha.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja hii unashuka kutoka mbinguni. Mvua ni maji yaliyopanda kama mvuke na kuacha chumvi zake chini, kwa hiyo, mbali na viwanda na mbali na povu la bahari, ina madini machache mno. Pamoja na hayo hakuna asiyejua jinsi madirisha yanavyoonekana manyunyu mafupi yakipita baada ya siku nyingi za kiangazi. Yamejaa madoa. Maji yalikuwa safi; vumbi lililokuwa kiooni na hewani ndilo lililoyachafua, na kwa kuwa manyunyu hayakutosha kulibeba hadi chini, yalikauka nalo papo hapo. Mvua kubwa ya saa nzima juu ya dirisha lile lile mara nyingi huliacha likiwa bora kuliko lilivyokuwa. Aina ya maji ni ile ile, matokeo mawili. Kilichobadilika ni wingi wa maji na kama uchafu uliondoka au ulibaki.

Anayeosha kwa fimbo yuko katika hali ya mvua hiyo, na adui yake mkubwa hayuko kiooni. Yuko kwenye fremu. Madirisha mengi ya Uingereza yana tundu jembamba la hewa juu ya kioo, na ndani ya tundu hilo hukusanyika vumbi, utando wa buibui na masalia ya wadudu. Brashi ikipita hapo, maji huingia na kutulia. Kioo kinasuuzwa, kinang'aa, fimbo inahamia dirisha la pili, na dakika moja baadaye tone la kijivu linachungulia ukingoni, linaning'inia, kisha linateremka katikati ya kioo likichora mstari. Tone hilo lilitoka kwenye mpira likiwa sifuri. Vivyo hivyo kwa fremu yenye rangi iliyoliwa na jua, ile ambayo ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe: kila ukiilowesha inatoa maziwa. Dawa si kichujio kipya. Ni mpangilio wa kazi: fremu ya juu isuguliwe na kusuuzwa kwanza, iachwe itoe machozi yake wakati mwoshaji anashughulikia dirisha jirani, ndipo arudi kwenye kioo, na katika suuzo la mwisho brashi isiguse tena fremu ya juu. Pale ambapo unga wa rangi haukomi, fremu ya juu isiloweshwe kabisa, ifutwe kwa kitambaa. Dirisha ambalo halijaoshwa kwa miaka litahitaji kurudiwa mara mbili au tatu kabla halijaacha kutoa uchafu, na ni vema mwenye nyumba aelezwe hivyo mapema.

Kioo nacho kina tabia yake. Kuna kinachopenda maji, yakatandaa kama shuka na kuteremka yote kwa pamoja, na kuna kinachoyakataa, yakajikunja kuwa matone mia moja yanayokaa pale pale hadi yakauke. Mara nyingi kinachosababisha ukataaji ni mafuta ya silikoni yanayovuja kutoka kwenye gundi ya kuzibia pembeni mwa dirisha, au mabaki ya dawa za kung'arishia. Kioo cha namna hii kinadai maji safi zaidi kuliko kingine, kwa sababu kila tone hukusanya uchafu wake mahali pamoja, na kinadai mkono mpole: badala ya kuinua brashi na kurusha maji kwa mbali, iachwe kiooni na kuteremshwa taratibu ili matone yaungane na kubebana. Pilkington, kampuni iliyotangaza mwaka 1959 njia ya kutengeneza vioo kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, ilileta sokoni mwaka 2001 kioo chenye ngozi nyembamba ya titania inayoyafanya maji yatandae badala ya kujikunja. Hata watengenezaji wa vioo, basi, walijua kwamba namna maji yanavyoondoka ina uzito wake.

Kuna watakaopinga kwa haki kwamba maji yenyewe huwa mabaya pia. Ni kweli. Kipimo kikisoma 40 au 50, hakuna ustadi wa mkono utakaozuia ukungu juu ya kioo cheusi kinachotazama jua. Sifuri, au karibu yake, ni sharti la lazima. Kosa ni kulichukua kuwa sharti pekee. Njia ya kujua lipi ni lipi ni rahisi: matone yanayofanana, yaliyosambaa kioo kizima kwa usawa, yanaelekeza kidole kwenye maji, ilhali michirizi inayoanzia juu, au madoa yaliyojikusanya kona moja, yanaelekeza kwenye fremu na suuzo. Jaribio jingine ni kumimina maji ya mpira kwenye kipande cha kioo safi kilicholazwa na kukiacha kikauke. Kisipobaki kitu, kichujio kimeshinda kesi.

Pingamizi zito zaidi ni la matumizi. Fimbo hutumia kama lita moja hadi mbili za maji kwa dakika, na ule utando wa shinikizo humwaga maji machafu yanayoweza kulingana na yale masafi au kuyazidi. Je, Dar es Salaam, ambako mtaa unaweza kungoja mgao wa maji kwa siku kadhaa, ni halali kusuuza vioo mara mbili? Jibu la haki ni kwamba si kila dirisha linahitaji njia hii. Maji safi yana thamani pale tu maji yanapoachwa yakauke. Dirisha la chini linalofikiwa kwa mkono lioshwe kwa ndoo, sabuni kidogo na kipangusio cha mpira. Hata maji ya kisima yanafaa, kwa kuwa yanakwanguliwa kabla hayajakauka. Fimbo ibaki kwa vioo vya ghorofani, ambako mbadala wake ni mtu kuning'inia, na maji yanayomwagwa na mashine yaelekezwe kudeki au chooni.

Na kuna madoa ambayo si ya maji haya wala ya mwoshaji huyu. Madini yaliyokaa kiooni miaka mingi kutokana na mpira wa bustani hayatoki kwa maji matupu hata yawe safi kiasi gani. Yanahitaji siki au maji ya ndimu, kwa kupakwa, kuachwa kidogo na kusuuzwa vizuri, bila kugusa marumaru. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye zege jipya ni mabaya zaidi, kwa sababu ukali wake hula uso wa kioo wenyewe. Kioo kilicholiwa hudanganya: kikiwa kimelowa kinaonekana safi, kikikauka ukungu unarudi. Paka siki sehemu ndogo. Doa likitoka ni madini, likibaki baada ya kurudia ni jeraha, na hilo mwenye jengo aonyeshwe kabla mpira haujafunguliwa, si baada ya kazi.