Maradhi ya Ukungu katika Michungwa

Wazee, waalimu na wenye mashamba wa Mang'ula na Bonde la Kilombero: mchungwa si kama mpunga. Mwenye kuupanda hungoja miaka kadha wa kadha kabla ya kuvuna vema, na ukifa, miaka hiyo yote imepotea. Kwa hiyo twataka kueleza maradhi matatu yaletwayo na ukungu, na jinsi ya kuyatambua mapema.

Mbegu za ukungu ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Huchukuliwa na upepo na matone ya mvua, nazo hazioti pasipo unyevu. Mang'ula iko chini ya milima ya Udzungwa, vijito vingi hushuka huko, na bondeni maji hutuama wakati wa masika. Basi adui huyu hakosi anachokitaka.

Ya kwanza ni maradhi ya shina. Gome karibu na ardhi hugeuka rangi, hupasuka na kutoa utomvu, na majani huwa manjano. Wataalamu wa siku hizi husema kwamba kijidudu chake si ukungu halisi, ila hufanana nao sana. Nacho huogelea katika maji ya udongo. Ondoa udongo uliolifunika shina, kwangua gome lililooza mpaka ulione lililo zima, uchome makwanguo, kisha upake dawa tutakayoitaja. Kama maradhi yamelizunguka shina zaidi ya nusu, hapana budi kuung'oa mti na kuuchoma. Usipande mchungwa mahali panapotuama maji: shamba la mpunga si shamba la mchungwa. Na mche uliounganishwa upandwe ili kiungo kiwe juu ya ardhi shubiri moja au zaidi.

Ya pili ni maradhi ya madoa. Yalijulikana mwaka 1952 katika Angola na Msumbiji, kisha yakaenea nchi nyingi za Afrika. Jani huwa na doa la mviringo, katikati rangi ya majivu au hudhurungi, limezungukwa na duara la manjano. Majani na matunda machanga hupukutika. Okota yote yaliyoanguka uyafukie au uyachome, punguza matawi ili upepo upite, na unyunyize dawa maua yanapoanguka, kisha tena wakati wa mvua.

Ya tatu ni masizi meusi juu ya majani. Yapanguse kwa kidole: yakitoka, na jani chini yake ni zima, basi ni masizi tu. Hayali jani, bali hukua juu ya majimaji matamu yatolewayo na wadudu wanyonyao utomvu, nao hulindwa na sisimizi. Waondoe wadudu kwa maji ya sabuni, uwazuie sisimizi wasipande, na masizi yatakwisha.

Dawa ya maradhi mawili ya kwanza ni mrututu na chokaa, nayo ilianza kutumika kwa mizabibu huko Ufaransa katika miaka ya 1880. Yeyusha gramu 100 za mrututu katika lita 5 za maji, na gramu 100 za chokaa katika lita 5 nyingine. Tumia ndoo za plastiki au vyungu, wala si debe la bati. Mimina maji ya mrututu katika maji ya chokaa huku ukikoroga, uchuje. Chovya msumari safi: ukigeuka mwekundu, ongeza chokaa. Itumie siku ile ile. Ya kupaka shinani iwe nzito: vipimo hivyo hivyo kwa lita 1 tu ya maji. Mrututu ni sumu. Uwekwe mbali na watoto, na mwenye kunyunyiza afunike uso na mikono.

Ukungu haujui mpaka wa shamba. Mmoja akiacha majani mabovu chini ya miti yake, jirani zake watapata hasara. Kwa hiyo yafaa wazee waagize siku moja ya kusafisha mashamba yote kabla ya masika, na waalimu wawaonyeshe watoto alama hizi katika bustani za shule. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.